Mchawi wa Mwezi wa Nane

Kwangu hakuna kalenda ya picha. Mgeni akiniuliza tarehe namwonyesha simu, na anayenizawadia kalenda mwishoni mwa mwaka namshukuru vizuri, halafu karatasi zake nazijalidia madaftari ya wajukuu kabla hajafika barabarani. Watoto wangu wanasema nina kisirani. Ninacho kweli, na nimekilea tangu miaka ya tisini, nilipokuwa mwalimu wa shule ya msingi Kasekese na kuishi kwa bibi yangu mzaa baba.

Wakati huo tulikuwa bado mkoa wa Rukwa, na sisi Wasukuma tulikuwa wageni kule. Baba na wadogo zake walihama na ng'ombe kutoka kaskazini wakitafuta malisho, wakaja na wazazi wao. Bibi hakuhama kwa ajili ya majani. Yeye aliondoka kwa sababu dada yake alikatwa mapanga mlangoni kwake mwenyewe, baada ya kusemwa muda mrefu kuwa ni mchawi. Makosa ya yule mama yalikuwa macho mekundu ya moshi wa jikoni, na kuwa hai wakati watoto wa jirani wanakufa. Kwa hiyo sitaki mtu aniambie kwamba mambo hayo yalitungwa. Yalikuwepo, na waliopigana nayo kwa dhati nawaheshimu. Naomba hilo lieleweke kabla sijaanza kutukana.

Jirani yetu Kasekese alikuwa mzee wa Kifipa, fundi wa mipini ya majembe na vinu. Tulikuwa hatumjui sana, mpaka babu yangu alipofariki. Msiba ule ulikuwa mzito kupita kiasi kwa sababu watani wetu wote walikuwa mbali, na msiba usio na mtani hauna mtu wa kuvunja kilio. Mtani ndiye huingia akiwa amevaa kofia ya marehemu, akatembea kama yeye, akamsema vibaya mbele ya mjane, akalala mlangoni jeneza lisipite mpaka apewe chochote. Sisi tulikuwa tumekaa tu tunalia, kama watu waliosahau nusu ya kazi.

Yule mzee wa Kifipa alisikia kwamba hatuna mtani. Hakutumwa na mtu. Alikuja, akavua viatu, akajilaza kwenye kizingiti chali, akafumba macho, akasema huyu Msukuma hatoki ng'o, akitoka nani atamchungia yeye ng'ombe wake? Mtu mwenyewe hakuwa na hata mbuzi. Kwanza watu walishtuka, kisha shangazi mmoja akacheka, halafu bibi akacheka, kicheko kilichochanganyika na kilio mpaka akashikiliwa. Mzee akapewa kuku, akaondoka mlangoni, babu akapita. Tangu siku hiyo yeye na bibi walikuwa watani. Kama kabila lao na letu lilikuwa na utani wa asili sijui, na sikuwahi kusikia mtu akiuliza. Hao wawili waliuanzisha wa kwao.

Kila asubuhi mzee alisimama upande wa pili wa ua wa minyaa, mswaki wa mti mdomoni, akapaza sauti kuuliza mchawi ameamka? Bibi alimjibu kutoka zizini kwamba ameamka, na je, rubani ametua salama, maana usiku alisikia ungo unapita juu ya paa kuelekea Sumbawanga. Rubani alisema alimwona yeye bibi huko angani, amepakia ng'ombe mzima. Hivyo hivyo, mpaka maziwa yanakamuliwa na kikombe cha rubani kinapitishwa juu ya ua. Watoto wa shule walichelewa kengele kwa kuwasikiliza. Mimi niliyekuwa na chaki mfukoni nilichelewa pia.

Nimetumia miaka mingi kuelewa kitu gani kilikuwa kinafanyika pale. Huko tulikotoka neno hilo lilimuua dada yake. Angeweza kulikimbia maisha yake yote. Badala yake alimpata mzee mmoja wa kumtupia kila siku, naye akalirudisha, na likitupwa na kurudishwa namna ile likawa halikati tena. Lilikuwa salamu. Alilala vizuri, bibi yangu. Mlango wake ulikuwa wa mabua, na hakuwahi kuufunga kwa kamba.

Wakati mmoja wa kiangazi likaja gari jeupe na watu watatu: mama wa Kizungu, mpiga picha, na kijana wa Kitanzania kutoka Dar es Salaam aliyekuwa mkalimani. Mwenyekiti wa kijiji ndiye aliyewaleta. Walisema wanatoka katika chama cha kutetea haki za wazee, na kwamba wanatengeneza kalenda. Kalenda hiyo ingepelekwa kwa posta majumbani mwa wazee wa Marekani, watu waliostaafu, ambao wangemwona mzee mwenzao kila mwezi ukutani, wangeguswa, wangetoa mchango. Nilikuwa nimetoka shule mapema, nikawakuta wanaanza.

Bibi aliwapenda mara moja hao wazee wa Marekani. Aliuliza kama hawana watoto. Kijana akasema wanao, lakini wengi wanaishi peke yao. Bibi akasikitika kwelikweli, akauliza jioni wanakaa na nani, na akaomba salamu zake zifike. Sikumsikia kijana akizitafsiri hizo salamu. Nilidhani atazitafsiri baadaye.

Bibi alikuwa amevaa kitenge chake cha sikukuu na bangili zake. Mpiga picha akatikisa kichwa. Wakamwomba avae ile khanga aliyokuwa akizolea samadi, avue bangili, avue na viatu. Kisha wakamwingiza jikoni, wakamwambia apulize moto. Kuni zilikuwa mbichi, na yeye mwenyewe akasema ni mbichi, wasubiri alete kavu. Hapana, wakasema, hizo hizo. Alipuliza mpaka macho yakawa mekundu na machozi yanatiririka, na hapo ndipo kamera ilipoanza kulia. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikifikiri labda ndivyo picha nzuri zinavyopigwa. Sasa najua kwamba ndivyo kweli, kwa wanaojua wanachotafuta.

Halafu mama wa Kizungu akauliza swali, na kijana akalitafsiri. Je, kuna mtu amewahi kukuita mchawi?

Bibi akacheka. "Kila siku asubuhi," akasema. "Yule pale, ng'ambo ya ua. Siku asiponiita najua rubani anaumwa."

Yule kijana alicheka. Nataka niliseme hili polepole, kwa sababu hasira yangu yote imejengwa juu yake. Alicheka kwa sauti, akapiga paja, akauliza huyo rubani anaendesha ndege gani, bibi akamwambia ungo, akacheka tena. Alielewa. Mtu asiyejua utani hacheki hivyo. Kisha akamgeukia mama wa Kizungu, uso ukabadilika, akatafsiri kwa maneno machache sana. Mama wa Kizungu akaweka mkono kifuani, akamtazama bibi kwa huruma nyingi.

Nilimfuata kijana kwenye gari, nikamuuliza kama amewaeleza kuwa ni utani. Akanijibu nisijali, hata yeye kwao watani wanammaliza. Nikarudi ndani nimeridhika.

Kalenda zilikuja kabla ya mwaka kwisha. Aliyezileta ni yule yule kijana, amejaa fahari, anagawa kama anagawa sukari: ofisi ya kijiji, zahanati, shule, duka. Bibi alikuwa mwezi wa nane. Picha ilichukua karatasi nzima, na ilikuwa kubwa na safi kiasi kwamba ungeweza kuhesabu makunyanzi. Macho yalikuwa mekundu. Bibi alijitazama, akasema mbona amekuwa mbaya hivi, akacheka, akaitundika. Mzee wa Kifipa alizunguka kijiji kizima akitangaza kwamba mchawi wake kavuka bahari na safari hii hata hakuazima ungo. Ule ndio ulikuwa mzaha wake wa mwisho uliosikika barabarani.

Chini ya picha kulikuwa na maneno ya Kiingereza. Niliyasoma nikiwa nimesimama ofisini kwa mwenyekiti. Kwa Kiswahili yalisema hivi: kila asubuhi jirani yake humwita mchawi, kila asubuhi huamka na hofu, mzee mwenzako anakuhitaji kabla hawajamfikia.

Kabla hawajamfikia. Akina nani? Rubani na mswaki wake?

Nilimkuta kijana anafunga maboksi kwenye gari. Nilimsema mpaka dereva akashuka akaenda kusimama mbali. Nilimkumbusha kicheko chake, nikamkumbusha paja alilolipiga. Hakukataa. Alikuwa mpole, na upole wake ulinichoma kuliko kama angenijibu jeuri.

"Mwalimu, nakuelewa," akasema. "Lakini utani hauuzi. Bibi wa Marekani hawezi kutoa chochote kwa bibi anayecheka."

Nikamuuliza ni nani aliyemwambia tunauza. Akasema si kuuza, ni kutetea. Nikamwambia yeye mwenyewe ndiye aliyetamka neno kuuza, si mimi. Akatazama saa yake, akasema barabara ya Mpanda ni mbaya na wanataka kuwahi. Kweli barabara ilikuwa mbaya.

Nilimwomba mwenye duka aishushe ile kalenda. Alikataa. Inamletea wateja, akasema, na kwa kuwa wateja walimtaka bibi na si wazee wengine wasiomhusu mtu, dukani ilikuwa mwezi wa nane mwaka mzima. Krismasi ilikuwa mwezi wa nane, Pasaka mwezi wa nane. Nikaichana mwenyewe, mbele yake, na leo ningeichana tena. Akaleta nyingine kutoka zahanati, akaitundika juu zaidi.

Ndipo karani mmoja wa tumbaku, mtu aliyependa Kiingereza chake kuliko chakula, akawasomea watu waliokuwa wakisubiri mafuta ya taa. Alisoma na kutafsiri neno kwa neno, kwa sauti ya kusoma risala. Hapakuwa na ua wa minyaa katika sauti yake, wala ungo, wala kikombe cha maziwa. Neno likatoka peke yake, kama lilivyokuwa kule tulikotoka.

Wenyeji wa zamani walipuuza. Wao walikuwepo kwenye msiba wa babu, walimwona mzee amelala mlangoni. Lakini kijiji kilikuwa kinajaa. Kila kiangazi familia mpya zilifika na ng'ombe, watu wetu wenyewe, na hao hawakujua lolote kuhusu kizingiti. Walichojua ni picha: mama wa Kisukuma, macho mekundu, na maandishi ya chama kikubwa. Nilisikia kwa masikio yangu kisimani, mwanamke akimwambia mwenzake, "Hata Marekani wanajua." Ukitaka kubishana na hilo utaanzia wapi? Uchawi wa mtu wa kawaida husemwa na majirani. Wa bibi yangu ulikuwa umepigwa chapa.

Mvua zikaja na homa zake. Familia moja mpya ilifiwa na mtoto. Bibi alikuwa na desturi ya kupeleka maziwa kwa kila nyumba yenye mtoto mchanga, na siku chache baada ya msiba alipeleka kibuyu kwa jirani wa wale wafiwa. Nilipokuwa natoka shule niliyakuta yale maziwa yamemwagwa njiani, kwenye matope, na kibuyu kimewekwa pembeni vizuri, mdomo chini. Nilikiosha kwenye dimbwi kabla ya kufika nyumbani. Hakuuliza kwa nini kina maji. Jioni ile aliomba mlango ufungwe kwa kamba.

Katikati ya hayo yote kukaletwa mzigo wa zawadi kutoka kwa wazee wa Marekani. Bibi alipata skafu ya sufu iliyofumwa kwa mkono, rangi ya maziwa, nene ya baridi ambayo sisi hatuijui. Aliipapasa muda mrefu, akanionyesha mahali ambapo mishono imekaza halafu imelegea. "Huyu aliyefuma vidole vinamuuma," akasema. Akauliza tena kama salamu zake zilifika. Kwa ajili ya skafu ile siwezi kuwachukia wazee wa Marekani, ingawa nimejaribu. Mama mmoja, peke yake, vidole vinauma, aliambiwa kuna mwenzake anatetemeka kwa hofu. Akafuma. Alidanganywa kwa kutumia bibi yangu, na bibi yangu akaharibiwa kwa ajili yake, na laiti wangekutana wao wawili bila mkalimani wangecheka siku nzima.

Sungusungu wakaitisha mkutano. Sisemi walikuwa na nia mbaya. Walikuwa wameogopa, kwa sababu sasa lilikuwa limeandikwa kwamba kijiji chao kinatisha wazee, na mwenyekiti alikuwa na hofu ya kuulizwa wilayani. Hivyo hawakumwita mwenye duka, wala karani, wala waliomwaga maziwa. Walimwita rubani.

Wakamuuliza kama ni kweli humwita mama huyu mchawi. Akasema ni kweli, ni mtani wake. Wakamuuliza ni nani aliyewapa utani, Mfipa na Msukuma. Mzee akatazama watu. Angesema nini? Kwamba alijipa mwenyewe, siku ile, kwenye kizingiti? Mkuu wa sungusungu, ambaye hakuwepo siku ile, alimwambia kwamba neno hilo ni kosa, na kwamba asilitamke tena, na aombe radhi mbele ya wote.

Mzee alivua kofia. Alimgeukia bibi. "Naomba radhi, mama," akasema.

Hakuwahi kumwita mama kabla ya hapo. Nilimwona bibi akipokea neno lile. Alikuwa amevumilia moshi, maziwa, mlango wa kamba, lakini hapo alijifunika uso kwa khanga, akajibu kwa Kisukuma, neno la kawaida la kupokea radhi, na mkutano ukapiga makofi. Nilitaka kupiga mtu. Sikujua nianze na nani, kwa sababu aliyestahili alikuwa ameshapita barabara mbaya akafika Mpanda, akapanda treni, na kwa vyovyote alikuwa anatafuta wazee wa kalenda ya mwaka unaofuata.

Kesho yake asubuhi bibi alikaa zizini akisubiri. Mzee alikuja mpaka kwenye ua. "Habari za asubuhi, mama." Bibi akasema nzuri. Alimpitishia kikombe cha maziwa, akakinywa akiwa amesimama, akakirudisha kwa mikono miwili.

Baba aliona hatari iliyokuwa inakuja, na alikuwa na haki ya kuiona. Akampangia bibi chumba Kawajense, mjini Mpanda, kwenye nyumba ya bati. Hakuna aliyemsumbua kule. Majirani wote walimwamkia shikamoo bibi, watoto walimbebea ndoo, mama mwenye nyumba alimwekea kiti chenye mgongo. Nilipokuwa nikienda kumtembelea nilimkuta amekaa mlangoni tangu alfajiri, skafu ya sufu ameikunja ameikalia. Nilimuuliza wanamtunzaje. Akasema wanamheshimu sana, wanamheshimu mpaka anachoka. Kisha akaniuliza kama rubani anaumwa, kwa sababu hamsikii.

Hakukaa sana. Alifia kule kule Kawajense, usingizini, na madaktari wakasema ni uzee. Mimi nina jina lingine la ugonjwa huo lakini hakuna aliyeniuliza. Tulimrudisha Kasekese kwa lori la mahindi akazikwe karibu na babu, na msiba tukauweka kwenye nyumba yake ya zamani.

Watu walikuwa wengi. Waliomwaga maziwa walikuja, wakaleta unga. Mwenyekiti alihutubia juu ya haki za wazee. Muda wa kutoa jeneza ulipofika nilimtafuta rubani kwa macho, nikamwona nyuma kabisa, ukutani, kofia mkononi, viatu miguuni. Alikuwa amezeeka vibaya. Kizingiti kilikuwa kitupu. Nilipenya watu mpaka kwake, nikamshika mkono.

"Babu, mlango ule pale," nikamwambia. "Kalale."

Aliutazama mlango, akawatazama sungusungu, akamtazama mwenyekiti, akaangalia na gari moja lililoegeshwa barabarani, gari la mfanyabiashara tu aliyekuja kuzika.

"Mwalimu," akasema, "wataniandika."

Jeneza likapita.